Ripoti ya wanne, jasho la mmoja

*Shikamoo Shangazi. Nipo kitengo cha manunuzi katika taasisi moja hapa Dodoma. Tuko wanne, na kila robo mwaka tunaandaa ripoti ya pamoja. Ninayeikeshea ni mimi. Siku ya kuiwasilisha, wenzangu ndio wanaovaa tai. Nikilalamika naambiwa nina gubu. Niende kwa bosi? – Nimechoka*

Marahaba, mwanangu. Kwa bosi usiende bado. Ukifika na neno "wavivu" mdomoni, atakachosikia ni ugomvi, na wewe ndiye utakayeonekana umeuanzisha.

Tena sina hakika kama uvivu huo ni tabia yao. Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, aliwavutisha watu kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: wavutaji wakiongezeka, nguvu ya kila mmoja inapungua. Pengine walikuwa hawaendi pamoja tu. Lakini mwaka 1979, kule Marekani, mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake waliwapigisha kelele wanafunzi wa chuo kikuu. Aliyedhani anapiga na kundi, kumbe yuko peke yake, alilegea vilevile. Baadaye walipoaminishwa kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa, ulegevu ukaisha. Makoo yalikuwa yaleyale.

Ripoti yenu jalada lake lina jina la kitengo tu. Nani atajua aliyelala? Safari hii, kabla hamjaanza, gawaneni sehemu kwa majina na tarehe, na muhtasari wa kikao bosi apate nakala. Hayo si mashtaka, ni utaratibu. Kisha, na hapa ndipo pagumu, sehemu ya mwenzako ikichelewa usiiandike. Najua mkono utakuwasha. Aibu ya kitengo unaibeba kama yako, na wenzako wameshalijua hilo siku nyingi.

Nawe ujipime. Mwaka huohuo wa 1979, watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja kivyake, anabeba sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Kwa wengi, majibu ya wawili yakijumlishwa yalizidi kazi iliyokuwepo! Jasho letu tunalikumbuka. La mwenzio hukuliona likitoka. Huenda mmoja wao ndiye anayehangaika na nyaraka za wazabuni wewe ukiwa kwenye kompyuta. Muulize kwanza.

Na habari ya tai: aliyeandika sehemu ndiye aiwasilishe. Liingizeni hilo kwenye muhtasari uleule.