Kumbeba Mtoto Njiti Kifuani

Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, ambaye wengi humwita njiti, zamani katika hospitali nyingi aliwekwa peke yake katika sanduku la joto, na mama yake akaambiwa angoje nje. Yafaa watu wajue ya kuwa mashauri hayo yamegeuka, na sababu yake.

Katika mwaka 1978, mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, Dakta Edgar Rey Sanabria aliona tabu kubwa: masanduku yalikuwa machache, watoto wakalazwa pamoja wakaambukizana maradhi, tena akina mama waliotengwa na watoto wao, wengine hawakurudi kuwachukua. Basi akaanza kuwapa mama wenyewe watoto wao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Matunzo hayo yakaitwa kwa jina la kangaruu, mnyama wa Australia ambaye huzaa kitoto kidogo mno, akakilea katika mfuko wa ngozi tumboni mwake.

Namna yake ndiyo hii. Mtoto huvikwa nepi na kofia tu, akawekwa wima katikati ya matiti ya mama, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande mmoja ili pumzi isizibwe; kisha hufungwa kwa kanga barabara. Mbeleko ya mgongoni ni desturi njema, lakini haimfai njiti, maana nguo ikiwa katikati joto halimfikii vema, wala mama hamwoni akibadilika rangi. Akiwa kifuani maziwa hutoka vizuri, na mama, ambaye pengine alimwogopa kwa udogo wake, humzoea, akajua sauti yake na njaa yake. Baba naye aweza kumbeba vivyo hivyo. Wako waonao haya. Lakini kifua cha mwanamume kina joto lile lile.

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano, moja moja katika Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hata karibu 1.8. Waliobebwa mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100. Waliongojewa kwanza wapate nguvu, karibu 16. Ili jambo hili liwezekane ilibidi mama apewe kitanda ndani ya chumba kile kile cha watoto wagonjwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza watoto njiti wabebwe hivyo tangu kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa wasioweza kupumua wenyewe au walio mahututi.

Mama akirudi nyumbani huendelea hivyo hata mtoto afike kilo 2.5 hivi, au mwenyewe aanze kufurukuta. Katika siku hizo hawezi kuteka maji wala kutwanga. Mama mkwe na jirani wamfanyie. Mtoto akikataa ziwa, akiwa baridi, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, na njiani abebwe kifuani vilevile.