Niliyojifunza Chini ya Ndoano

Kazi yangu ni kufunga mizigo inayonyanyuliwa kwa kreni, katika magodauni na karakana za Changamwe. Vijana wanaoanza huwaambia haya.

1. Cheti kinazungumzia siku ya ukaguzi, hakizungumzii leo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka minyororo na kamba za kunyanyulia zikaguliwe angalau mara moja kila miezi 6, na mtu aliyeidhinishwa. Sheria nzuri, lakini miezi 6 ni mingi kwa mkanda unaoburutwa sakafuni kila siku. Kabla ya zamu, mkaguzi ni wewe unayefunga.

2. Ogopa pembe kuliko uzito. Mzigo wa tani 2 ukishikwa na minyororo miwili iliyosimama wima, kila mmoja unabeba tani 1. Itanue mpaka kila mmoja ulale nyuzi 30 tu kutoka usawa wa mzigo, na kila mnyororo utavutwa kwa nguvu ya tani 2. Mzigo ni uleule! Msimamizi mmoja alinibishia. Nikamchorea kwa chaki sakafuni. Hakunijibu, ila alituma mtu stoo alete minyororo mirefu zaidi, na hiyo ndiyo dawa yake.

3. Mikanda ya viwango vya Ulaya ina rangi: zambarau tani 1, kijani 2, njano 3. Jua la Mombasa hupausha zote, kwa hiyo soma lebo. Lebo ikipotea, ukate mkanda vipande kabla ya kuutupa. Ukiutupa mzima, kesho utaukuta umefunga jenereta ya mtu.

4. Kamba ya waya ipitishie kitambaa, si kiganja. Uzi uliokatika utanasa.

5. Ndoano iliyopanuka mdomo imekwisha kuzidiwa. Hainyooshwi kwa nyundo, haichomelewi.

6. Chini ya mzigo hasimami mtu, hata bosi.

7. Ukiona hatari kubwa, mwambie msimamizi wako mara moja. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukurudisha hapo kabla hajarekebisha, na ukiondoka kwa sababu ya msingi hawezi kukufukuza kwa hilo. Wengi wetu hatuijui haki hii. Mwambie na mwenzako.