Saa ya Kwanza ya Mgonjwa Mahututi

Wasomaji wetu wa Karagwe na Kyerwa waijua vema safari ya mgonjwa. Mtoto ashikwa na homa kali usiku, labda kijijini upande wa Murongo. Jirani mwenye pikipiki aamshwa. Mama apanda nyuma, mtoto kifuani. Wapita kati ya migomba na mibuni mpaka zahanati, na kutoka huko wapelekwa hospitali ya Isingiro au Nyakahanga. Wakiambiwa waende Bukoba, au Bugando kule Mwanza, ndipo safari yenyewe yaanza. Je, uhai wa mtoto huyo huamuliwa wapi? Wengi hujibu: katika hospitali kubwa. Sisi twasema kwamba mara nyingi huamuliwa mahali pale anapopokelewa kwanza, katika saa ya kwanza.

Ushahidi upo. Mjini Blantyre, nchini Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilianza mwaka 2001 kuwapokea watoto kwa utaratibu mpya. Watumishi walifundishwa kuwatazama wote mara wafikapo, na kumtanguliza apumuaye kwa shida, aliyezimia au mwenye degedege, hata kama amefika wa mwisho. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliolazwa walikufa kati ya 10 na 18. Baadaye walikufa kati ya 6 na 8.

Lakini haraka peke yake haitoshi. Yapasa iongozwe na elimu iliyopimwa. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vema, apewe maji mengi mshipani kwa haraka. Fundisho hilo lilitoka katika nchi tajiri, nalo lilionekana la busara. Kuanzia mwaka 2009 watafiti walilipima katika hospitali 6 za Afrika ya Mashariki, zikiwemo Kilifi nchini Kenya, Lacor nchini Uganda, na Teule iliyoko Muheza, hapa kwetu. Watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji ya haraka, wengine hawakupewa. Wote walipata dawa na uangalizi.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yaliwashangaza wataalamu duniani. Katika siku 2 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 11. Kati ya wale wasiopewa walikufa karibu 7. Kazi ilisimamishwa kabla ya wakati wake, ili mtoto mwingine asidhurike. Tusikose kuelewa hapa: watoto waliokaukiwa na maji kwa sababu ya kuhara hawakuwamo katika hesabu hiyo, nao wahitaji maji bila kukawia. Fundisho ni hili, kwamba dawa moja huokoa mmoja na kumdhuru mwingine, na kuwatofautisha ni kazi ya mtu aliyesomea.

Basi, watu hao watapatikanaje? Mwaka 2010 hospitali ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na mwaka huohuo chuo kikuu chake kikaanza kuwafundisha mabingwa wa fani hiyo kwa miaka 3. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Lakini bingwa hawezi kukaa katika kila zahanati ya Kyerwa. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, lilitoa mafunzo ya siku chache kwa wauguzi na matabibu: namna ya kufungua njia ya hewa, kusaidia pumzi, kuzuia damu isimwagike, na kutambua nani apelekwe mbele upesi.

Nasi wa nyumbani tunao wajibu. Kwanza, tusingoje kuche. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea hata haamki, au apumuaye kwa shida, apelekwe saa ileile. Pili, mganga aambiwe kweli: ugonjwa ulianza lini, na dawa gani amekwisha kupewa, hata ile ya mitishamba. Tatu, kwa mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini, ipigwe namba 115 ya mpango wa m-mama, bila malipo, ili usafiri upatikane. Nne, tusimshurutishe mganga. Wazazi wengi hudhani mtoto hajatibiwa mpaka atundikiwe dripu. Mganga akikataa kwa sababu ameijua hatari, huyo ndiye anayemtibu.

Na wazee wa kamati za zahanati, mnapokutana, msiulize habari za paa na rangi ya kuta tu. Ulizeni: ni nani kati ya watumishi wetu amefundishwa tiba ya dharura? Oksijeni ipo? Usiku yupo nani? Mtoto aletwaye kwa pikipiki saa nane za usiku hataiona rangi ya ukuta. Atahitaji mkono unaojua la kufanya.