Unauza kadi za grafiksi? Uliza kwanza kuhusu pawa saplai

Mfanyabiashara mwenzangu, somo la leo ni la wanaouza vifaa vya kompyuta mtandaoni, hasa kadi za grafiksi kwa wacheza gemu.

Malalamiko haya unayajua: "Bosi, kadi yako mbovu. Kompyuta inawaka vizuri, lakini nikifungua gemu inazima." Unarudisha hela, unalipa boda wa kwenda na kurudi, na faida yote imeliwa hapo. Kadi ikifika mezani kwako unaipima, inafanya kazi bila shida. Mara nyingi shida ni umeme haukutosha. Mteja aliweka kadi kubwa kwenye pawa saplai ndogo.

Mteja hajui mambo haya, na sio kazi yake kujua. Muuzaji ni wewe. Ukijua kusoma pawa saplai utarudishiwa mizigo michache, na mara nyingine utauza vitu viwili badala ya kimoja.

*1. Jua kadi inakula wati ngapi*

Kila kadi ina kiwango chake. Hizi ni baadhi ya zinazouzika sana:

• GTX 1650: wati 75
• GTX 1660 Super: wati 125
• RTX 4060: wati 115
• RTX 3060: wati 170
• RTX 3070: wati 220

Ona kwamba RTX 4060 ni mpya kuliko RTX 3060 lakini inakula kidogo. Kwa hiyo usikadirie kwa ukubwa wa namba, angalia modeli yenyewe.

Slotí ya kwenye madabodi inatoa mpaka wati 75. Kadi ikihitaji zaidi ya hapo, lazima ipate waya kutoka kwenye pawa saplai: waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza wati 150. Ndiyo maana GTX 1650 nyingi hazina tundu la waya kabisa. Nyingi, sio zote. Zipo zenye tundu la pini 6, kwa hiyo angalia kadi iliyo mkononi kabla hujaandika tangazo.

*2. Piga hesabu ya kompyuta nzima*

Tuchukue mteja mwenye prosesa ya Core i5-12400F anayetaka RTX 3060:

• Kadi: 170
• Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote: kama 117
• Madabodi, ramu, diski na feni: weka kama 60

Jumla ni kama wati 350. Lakini Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hii. Kwa nini pengo kubwa hivyo? Kwa sababu kadi haili umeme kwa utulivu. Gemu likizidi kuwa zito inaruka juu ya kiwango chake kwa muda mfupi sana, chini ya kufumba na kufumbua, na pawa saplai iliyobanwa inajizima ili kujilinda. Hapo ndipo mteja anasema "inazima nikifungua gemu". Pia pawa saplai inayofanya kazi ikiwa na nafasi haichemki sana na feni yake haipigi kelele.

Kwa hiyo fuata pendekezo la mtengenezaji wa kadi. RTX 3060 na RTX 4060 ni wati 550, RTX 3070 ni wati 650.

*3. Usiamini namba kubwa, soma lebo*

Hapa ndipo wengi wanaingizwa mjini. Boksi limeandikwa 500W kwa maandishi makubwa. Geuza pawa saplai, tafuta kwenye lebo mstari wa +12V. Kadi na prosesa zinategemea huo. Chukua ampea zilizoandikwa hapo, zidisha mara 12.

Imeandikwa 25A? 12 × 25 = 300. Hiyo "500W" inaipa kadi na prosesa wati 300 tu.
Imeandikwa 40A? 12 × 40 = 480. Hiyo sasa ni 500W ya kweli.

Ukikuta mistari miwili, +12V1 na +12V2, usijumlishe tu. Tafuta jumla ya juu iliyoandikwa kwa mistari yote miwili pamoja, huwa ni ndogo kuliko unavyofikiria.

Na alama ya 80 Plus? Inaonyesha umeme mchache kiasi gani unapotea kama joto. Bronze ikibeba nusu ya mzigo wake inafikisha kama asilimia 85 ya umeme inaouvuta ukutani. Ni alama nzuri, lakini haisemi pawa saplai itadumu miaka mingapi. Usimwahidi mteja hivyo.

*4. Kompyuta za ofisi zina mambo yake*

Wateja wengi wananunua Dell na HP zilizotumika maofisini, halafu wanataka kuzigeuza za gemu. Kuwa makini hapa.

Dell OptiPlex 7010 ya mnara inakuja na pawa saplai ya wati 275. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290. Usimuuzie mtu huyu RTX 3060 peke yake. Muuzie GTX 1650 isiyo na tundu la waya: hesabu ya kompyuta nzima inakuja kama wati 200, inatosha.

Akisema abadilishe pawa saplai, 7010 inapokea waya wa kawaida wa pini 24. Lakini 9020 inatumia pini 8 kwenye madabodi, kwa hiyo anahitaji adapta yake. HP nyingi za ofisi nazo zina pini na umbo la peke yake. Na kama kompyuta ni ile nyembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii hata umeme ukitosha.

*5. Mambo manne ya kukataa*

• Adapta ya kutoka waya wa diski wa SATA kwenda pini 8 za kadi. Plagi ya SATA inabeba wati 54 kwenye 12V, kadi inaweza kuvuta 150. Inayeyuka.
• Kulazimisha waya wa prosesa kwenye kadi. Zote zina pini 8 na zinafanana, ila zimepangwa kinyume. Wa kadi kwa kawaida umegawanyika 6+2, wa prosesa 4+4.
• Kuchanganya waya za kuchomoka za pawa saplai mbili tofauti. Upande wa pawa saplai pini hazifanani, hata kwa kampuni moja. Ukiuza iliyotumika, uza na waya zake.
• Kufungua pawa saplai. Ndani hubaki umeme hata ikiwa imechomolewa ukutani.

Na kama ina swichi nyekundu ya 115/230 nyuma, hakikisha ipo 230 kabla haijaondoka kwako. Umeme wa Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Ikiwa 115, inalipuka siku ya kwanza.

*Ujumbe wa kumtumia mteja*

Hifadhi huu kwenye simu, utume kila ukipata oda ya kadi:

"Habari, asante kwa oda. Kabla sijakufungia mzigo naomba picha tatu: lebo ya pawa saplai, ndani ya kompyuta ubavu ukiwa wazi, na jina la modeli ya kompyuta. Niambie pia prosesa yako. Nataka nihakikishe kadi itafanya kazi kwako."

Kisha rekodi video fupi kadi ikiendesha gemu kwa dakika kadhaa, namba yake ya siri ikionekana, na kwenye tangazo andika pawa saplai inayohitajika. Mzozo ukitokea, una ushahidi.

Kuna wateja watakaosoma mahitaji hayo wakaghairi. Waache. Wangenunua leo, Jumatatu wangekuwa inboksi wanadai hela yao.