Somo la Afya: Umbile la Tumbo la Uzazi Si Kosa la Mama

Wapendwa wanakikundi, mmoja wenu asome hadithi hii kwa sauti, wengine wasikilize. Tumeitunga sisi, lakini tukitembelea vikundi kutoka Njoro hadi Olenguruone tunasikia mambo yanayofanana nayo.

HADITHI

Mama mmoja wa upande wa Kuresoi ameolewa miaka minne. Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne, ya pili ikiwa na mitano. Mama mkwe akamwambia kijana wake, "Baba, shamba hili limekataa mbegu. Tafuta lingine." Bwana akanyamaza tu. Sasa mama ana mimba ya tatu, ya miezi saba. Mkunga wa kijiji amempapasa akasema kichwa cha mtoto kiko juu. Mvua imeanza, barabara ni matope. Pesa za kikundi zipo, lakini tulikubaliana ni za kununua viti.

Simameni hapo kidogo. Ni nani analaumiwa? Je, kuna mtu ameuliza kama mama huyu amepimwa?

TUMBO LA UZAZI HUUMBWAJE?

Msichana huumbiwa tumbo la uzazi akiwa bado ndani ya mama yake. Mwanzoni huwa ni mirija miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto. Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12 hivi, mirija hiyo hukutana na kuungana upande wa chini. Halafu ukuta wa katikati huyeyuka pole pole, kinabaki chumba kimoja cha kulea mtoto. Mara nyingine kazi hii haimaliziki. Basi tunapata haya:

- Ukuta hubaki katikati, ukagawanya chumba.
- Sehemu ya juu haiungani, tumbo likawa na pembe mbili.
- Mirija haiungani kabisa, mama akawa na matumbo mawili ya uzazi, kila moja na mlango wake.
- Upande mmoja tu ndio unakua. Ule mwingine haupo, au ni kipande kidogo.
- Tumbo la uzazi halipo kabisa. Hii hupata kama msichana 1 kati ya 5,000.

Uchunguzi wa nchi mbalimbali uliokusanywa pamoja mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wanawake 5 au 6 kati ya 100 wana umbile la namna hii. Kwa wale waliowahi kupoteza mimba, ni kama 13 kati ya 100. Kwa hivyo kikundi cha akina mama 30 kinaweza kuwa na mmoja au wawili, na pengine wenyewe hawajui.

Mwenendo wa ujana, kazi ya shamba au maneno ya jirani hayawezi kuleta umbile ambalo lilikuwepo kabla mama hajazaliwa. Someni Injili ya Yohane, sura ya 9. Wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, na Yesu alikataa kuweka lawama juu yake au juu ya wazazi wake.

SHIDA ZINAZOWEZA KUTOKEA

Wengi wenye umbile hili huzaa salama. Mwaka 2019 huko Bangladesh, mama mwenye matumbo mawili ya uzazi alijifungua mtoto mmoja, na siku 26 baadaye akajifungua mapacha. Hakuwa amewahi kupigwa picha ya tumbo, kwa hivyo hakuna aliyejua.

Lakini nafasi ikiwa ndogo, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa kabla ya siku zake. Anaweza kutanguliza matako au kulala kwa ubavu, na kondo la nyuma linaweza kukwama.

Hatari kubwa zaidi ni mimba kuingia katika kile kipande kidogo cha upande. Kinaweza kupasuka, mara nyingi katika miezi ya kati. Mama mjamzito akishikwa na maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu na jasho baridi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama damu haionekani nje.

TUFANYE NINI?

1. Aliyepoteza mimba mara mbili aende hospitali, na bwana yake amsindikize. Tusiseme tu ni umbile, kwa maana kaswende, sukari na magonjwa mengine pia hutoa mimba.

2. Akishika mimba, aanze kliniki mapema na amweleze nesi yote yaliyopita. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara 8, na apigwe picha ya skeni kabla ya wiki ya 24.

3. Azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji, si nyumbani. Mkunga asijaribu kumgeuza mtoto kwa mikono.

4. Uchungu ukianza kabla ya miezi minane, asingoje asubuhi. Hospitalini kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, lakini lazima mama aipate kabla hajajifungua.

5. Msiuze ng'ombe kwa haraka ili ukuta wa katikati ukatwe. Utafiti uliotolewa 2021 haukuonyesha kwamba waliokatwa walipata watoto zaidi ya wale ambao hawakukatwa. Muulizeni daktari kwanza.

6. Msichana aliyefika miaka 15 bila hedhi, au anayeumwa kila mwezi bila damu kutoka, apelekwe akapimwe. Asifichwe.

Kila familia ijiandikishe mapema na SHA, iliyochukua kazi ya NHIF Oktoba 2024. Usingoje uchungu uanze ndipo utafute kitambulisho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Hapa kwetu mama akipoteza mimba, nani humtembelea? Tunamwambia nini?

2. Usiku wa mvua, ni gari gani litafika hapa, na nani ana namba ya dereva?

3. Rudini kwenye hadithi. Bwana angesema nini badala ya kunyamaza? Na zile pesa za viti, kikundi kifanye nini?

Andikeni uamuzi wenu katika kitabu cha kikundi kabla ya kufunga mkutano kwa sala. Viti vinaweza kungoja msimu mwingine. Mama wa miezi saba hawezi kungoja.