Shimo la Nyumba Ni la Mwenye Nyumba

BARUA

Nimerithi kwa marehemu baba nyumba ya vyumba sita huko Buguruni, Dar es Salaam, nami nimeipangisha yote. Mwenyewe nakaa kwingine. Mwezi uliopita, masika yalipokolea, choo kilikuwa kimejaa, nikamwagiza kijana akitapishe usiku kama tufanyavyo kila mwaka. Siku chache baadaye mpangaji mmoja, mama lishe mwenye watoto wawili, akashikwa na kipindupindu, akapelekwa kambi ya matibabu. Sasa amepona na anataka kurudi, lakini wapangaji wa vyumba vitano vilivyobaki wanasema kwamba akirudi, wao watahama. Alikwisha kulipa kodi ya miezi sita. Je, nimrudishie fedha zake nimtoe, au nikubali nyumba ibaki tupu? Sitaki jina la marehemu baba lichafuke.

— Mrithi, Dar es Salaam

JIBU



Swali uliloniuliza nitalijibu kwa maneno machache: mama huyo asitolewe. Kipindupindu hakimwingii mtu kwa kupeana mkono wa salamu wala kwa kuketi barazani pamoja na aliyepona, bali kwa maji na chakula kilichoingiwa na uchafu wa choo; na ingawa vijidudu vyake huweza kuendelea kutoka katika kinyesi cha aliyeugua kwa muda wa hata siku 10, jirani anayenawa kwa sabuni na kunywa maji yaliyochemshwa hana sababu ya kumkimbia. Na huyo aliyelipa miezi sita mbele ana haki ya chumba chake, awe mzima au awe mgonjwa.

Lakini barua yako ina swali jingine ambalo hukuniuliza, nalo ndilo lililonikosesha raha. Umeandika kwamba ulimwagiza kijana akitapishe choo usiku, “kama tufanyavyo kila mwaka”, na ukayapita maneno hayo kwa wepesi ule ule ambao kwao mtu husema alipaka chokaa nyumba yake kabla ya Idi. Nakusihi uyarudie. Kukitapisha choo, kama ujuavyo wewe na ajuavyo kila mkaazi wa mitaa yetu ya mabondeni, ni kuutoboa ubavu wa shimo wakati mvua inaponyesha, ili uchafu wa kaya sita uchukuliwe na maji hadi mtaroni, na kutoka mtaroni hadi uani kwa jirani, na kutoka uani hadi visimani, na hata ndani ya mabomba yenye nyufa, ambayo maji yakikatika huvuta tope la nje. Nawe ulichagua usiku. Mtu hangoji giza kwa jambo ambalo dhamiri yake imeliridhia.

Sisemi kwa yakini kwamba shimo lako ndilo lililomwangusha mama huyo, maana sina kipimo cha kuyajua hayo. Nasema tu kwamba umemtafuta mwenye makosa katika vyumba vyote sita, ilhali hukutazama uani.

Habari hii ni kongwe kuliko nyumba yako. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street jijini London, waba, yaani kipindupindu, uliua watu zaidi ya 600 kwa muda mfupi, na tabibu John Snow akaonyesha kwamba waliokufa wengi wao walikunywa maji ya bomba moja la mtaa. Mkosa akaonekana kuwa kisima cha bomba hilo, mpaka kasisi Henry Whitehead, aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, alipogundua kwamba katika nyumba namba 40 mtoto mchanga aliugua kabla ya wengine, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la nyumba ile ile. Na shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikuwa yameoza, na kisima kilikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Nyumba moja na shimo moja bovu, na mtaa mzima ukavaa msiba.

Nasi tulionywa karibu zaidi. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kikaenea mikoani na kuvuka bahari hadi Unguja, hata sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zikafutwa na siku hiyo ikafanywa ya usafi nchi nzima. Tulishika mafagio, nami nalisifu jambo lile. Lakini fagio halifiki shimoni, na shimo lina mwenyewe.

Hapa ndipo penye itikadi yangu, ambayo nitaishika mpaka siku yangu ya mwisho: ijara ni amana. Mpangaji huweza kuja na godoro lake, na jiko lake, na kufuli lake, na hata pazia la mlangoni. Hawezi kuja na shimo lake. Anapokukabidhi fedha za miezi sita, ambazo pengine amezikusanya sahani kwa sahani za wali na maharage, anakununulia wasaa wa kuyashughulikia yale ambayo yeye hana uwezo nayo, yaani paa, maji, ua na choo. Na endapo unazipokea fedha hizo na kuliacha shimo lifurike, basi umekula ya amana, japo kila karatasi ya upangaji imetiwa sahihi. Mwenye nyumba anayekaa mbali, asiyekiingia choo anachokitoza kodi, na ajilazimishe angalau mara moja kwa mwezi kukiingia.

Wasema hutaki jina la marehemu lichafuke. Mwanangu, maradhi hayalichafui jina la mtu. Hilo limechafuliwa usiku ule, nawe ndiwe unayeweza kulisafisha.

Kwa hiyo fanya haya. Lete gari la majitaka, kwa gharama yako, wala usiwatoze wapangaji hata senti. Ukiona ni ghali, kumbuka kwamba vyumba sita vimekulipa. Mwite bwana afya aonyeshe namna ya kutia dawa chooni na majini. Kisha waketishe wapangaji wote uani mbele ya mjumbe, uwaambie kwa kinywa chako kwamba choo kilitapishwa kwa amri yako na kwamba hakitatapishwa tena. Jambo hili ni zito kuliko bei ya gari, lakini hofu yao imeelekezwa kwa mwanamke asiye na hatia, na hakuna mwingine awezaye kuiondoa kwake ila wewe.

Mama lishe na arudi chumbani kwake, na siku alizolala kambini umwongezee mwishoni mwa miezi yake. Nawe kodi ya mwezi ujao, ya chumba chochote, usiipokee kabla shimo halijanyonywa.