Mkono wa Kulia au wa Kushoto? Fizikia ya Rili katika Chombo Chembamba

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una sura mbili. Juu, katika nyanda za Tunduma na Mbozi, ardhi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini nchi inashuka hadi Bonde la Ufa, ambako Ziwa Rukwa limelala kwenye kimo cha mita 800 hivi. Mto Songwe na Mto Momba humwaga maji yake humo, wala hakuna mto utokao. Ziwa hilo lina kina kifupi, na ndani yake wamo mamba na viboko. Kupinduka kwa mtumbwi mahali kama hapo ni jambo la kufa na kupona.

Wavuvi wa Rukwa hutafuta perege na kambale, na zana zao ni nyavu na mishipi ya mkono. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye ufito, ni zana ya uvuvi wa michezo, unaofanywa pia katika kayaki. Kayaki ni chombo chembamba chenye asili ya watu wa Aktiki, nacho huendeshwa kwa kafi lenye bapa mbili. Hata hivyo swali linaloulizwa na mwenye rili linamhusu kila aketiye katika chombo chembamba: mkono upi ushike na mkono upi uzungushe? Swali hili linaweza kujibiwa kwa fizikia ya sekondari.

Aina mbili za rili

Rili si kitu kipya. Mchoro wa Mchina Ma Yuan, wa mwaka 1195 hivi, unamwonyesha mvuvi katika mashua akiwa na ufito wenye kigurudumu. Siku hizi aina mbili ndizo zinazotumika zaidi.

Aina ya kwanza hukaa juu ya ufito, na kigurudumu chake huzunguka mshipi unapotoka na unaporudi. Mpini wake wa kuzungushia kwa kawaida hauwezi kuhamishwa, na nyingi zimetengenezwa na mpini upande wa kulia. Aina ya pili huning'inia chini ya ufito. Kigurudumu chake husimama tuli mshipi unapotupwa. Hataza ya rili ya namna hii ilitolewa Uingereza mwaka 1905 kwa Alfred Illingworth, aliyekuwa katika biashara ya nguo. Katika nyingi za aina hii mpini unaweza kuhamishwa upande wowote.

Jina lisimpotoshe msomaji. "Rili ya kulia" ni ile inayozungushwa kwa mkono wa kulia. Haina maana kwamba imetengenezwa kwa ajili ya mtu atumiaye mkono wa kulia. Mtu huyo akitumia rili ya kulia, hutupa ndoana kwa mkono wa kulia, kisha huhamishia ufito mkono wa kushoto ili aweze kuzungusha. Kabla ya kutupa tena, huurudisha. Akitupa mara 100 kwa siku, hubadilisha mikono mara 200.

Mkono upi hubeba mzigo?

Watu wengi hudhani kwamba kuzungusha ndiko kazi kubwa, kwa sababu ndiko kunakoonekana. Hesabu inaonyesha vingine.

Tuseme samaki anavuta mshipi kwa kani ya nyutoni 20. Kigurudumu kina kipenyo cha sentimita 4, na gia zake hukizungusha mara 5 kwa kila mzunguko mmoja wa mpini. Mzingo wa kigurudumu ni sentimita 12.6, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mpini huingiza mshipi wa sentimita 63. Mpini una urefu wa sentimita 5. Hivyo mkono husafiri sentimita 31.4. Mshipi umekwenda mara mbili ya mkono. Kwa kanuni ya kazi, na msuguano ukiachwa kando, mkono unasukuma kwa kani iliyo mara mbili ya ile ya mshipi, yaani nyutoni 40.

Sasa utazamwe mkono ulioshika ufito. Ufito ni wenzo, na mkono ni egemeo lake. Ncha iko mita 1.8 mbele ya mkono. Kitako kinaegemea kiwiko, mita 0.3 nyuma. Ufito ukichukuliwa kuwa umenyooka na mshipi unauvuta kwa pembe mraba, kani F iliyopo kwenye kitako hupatikana hivi:

20 × 1.8 = F × 0.3
F = 120

Mkono ulio katikati unabeba jumla ya kani zote mbili: 20 + 120 = nyutoni 140. Ufito halisi hupinda, na kupinda huko hupunguza umbali wa kani na egemeo, lakini mpangilio haubadiliki. Katika mfano huu mkono unaoshika unabeba mara tatu na nusu ya mkono unaozungusha. Tena ndio unaohisi samaki anapogusa chambo, na ndio unaoongoza ufito asikate mshipi. Kazi nzito na kazi ya ustadi zimekutana katika mkono mmoja.

Mizani ya chombo

Mshipi unaovuta kwa kani ya nyutoni 20 kutoka ubavuni, kwenye kimo cha mita 1, huleta momenti ya nyutoni-mita 20 inayoinamisha chombo. Mvuvi wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Kitovu cha uzito wake kikisogea upande kwa sentimita 5 tu, momenti inayotokea ni 600 × 0.05, yaani nyutoni-mita 30. Maana yake ni kwamba mwili wa mvuvi mwenyewe, ukisogea kidogo, huweza kuinamisha chombo kuliko samaki. Vyote viwili vikielekea upande mmoja, momenti huwa 50.

Kubadilisha mikono huku samaki akivuta hulegeza mshipi, humpindisha mvuvi kiwiliwili, na kwa kitambo kidogo hakuna mkono ulio tayari kushika kafi. Katika meli kubwa hilo ni usumbufu tu. Katika chombo chembamba ni hatari.

Uamuzi

Kutokana na hayo, katika kayaki au mtumbwi mwembamba ufito ubaki katika mkono uliotupa, na mpini uwe upande wa pili. Kwa mtumiaji wa mkono wa kulia, rili ya kushoto ndiyo inayofaa. Kwa mashoto, rili ya kulia, ile iliyo nyingi madukani, ndiyo yake hasa.

Kanuni hii ina mpaka wake. Katika mashua kubwa za uvuvi wa michezo, kama zile za Mkondo wa Pemba, ufito wa kuvulia samaki wazito hutiwa katika kishikio kilichofungwa kwenye kiti au mkanda. Kishikio hubeba ile kani kubwa, na kazi iliyobaki ni kuzungusha kwa muda mrefu. Hapo mkono wenye nguvu uwekwe kwenye mpini. Kwa hiyo swali la kwanza ni "kazi ngumu iko wapi?" Swali la "mkono wangu ni upi?" hufuata baadaye.

Mazoea nayo yana sehemu yake. Madereva wapitao Tunduma hubadili gia kwa mkono wa kushoto, ingawa wengi wao si mashoto. Mkono dhaifu hujifunza kazi ya kurudiarudia, na kuzungusha rili ni kazi ya namna hiyo.

Neno kwa walimu

Lugha yenyewe inapendelea upande mmoja: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, nao huitwa pia wa kuume, na wa kushoto huitwa wa kike. Takriban mtu 1 kati ya 10 ni mashoto, kwa hiyo darasa la wanafunzi 40 huenda likawa na wanne. Kumlazimisha mwanafunzi huyo kushika mkasi, msumeno au chupa ya asidi kwa mkono asiouamini hakumfundishi adabu, kunamweka hatarini. Kama ilivyo kwa mvuvi, mkono wenye ustadi upewe kazi inayohitaji ustadi.

Majaribio

1. Chukua mpini wa ufagio wenye urefu wa mita 1.5. Tundika nusu kilo kwenye ncha. Shikilia kitako kwa mizani ya springi, na egemeo liwe kamba. Sogeza egemeo na uandike kani kila mara. Je, kanuni ya momenti inatimia?

2. Kunja uzi kwenye chupa mizunguko 50 kwa kila mkono, na upime muda. Rudia kwa siku 5, kisha chora grafu. Mkono upi umeendelea zaidi?

Maswali

1. Mpini wa rili ukirefushwa hadi sentimita 10, mkono utasukuma kwa kani gani? Hasara yake ni nini?

2. Kwa nini mvuvi aketiye chini kabisa katika mtumbwi yuko salama kuliko aliyesimama?